Nimepewa uweka hazina wa fleti zetu, nimekabidhiwa kaunta buku moja na lifti mbovu. Wazoefu wa vyama vya wenye nyumba njooni

#1 Kaunta Buku

Wakuu, habari za jioni.

Mwezi uliopita nilichelewa mkutano wa wenye nyumba wa jengo letu kwa dakika ishirini hivi. Nilipoingia nikapigiwa makofi. Nikadhani wamefurahi kuniona, kumbe nimeshachaguliwa mweka hazina.

Aliyekuwepo kabla yangu amehamia Dodoma. Alinikabidhi mfuko mmoja: kaunta buku, bahasha ya risiti, na ufunguo ambao mpaka leo sijajua ni wa mlango gani. Zile risiti za EFD (za mashine ya kodi) nusu yake zimefifia, karatasi nyeupe tupu. Nimeziinua kwenye taa nione kama kuna hata kivuli cha namba, hakuna kitu. Daftari lenyewe lina mistari kama hii: "Fundi pampu 85,000. Dizeli 200,000. Yule kijana 15,000." Yule kijana ni nani, wakuu?

Jengo letu lipo Kinondoni, ghorofa sita, nyumba 24. Nusu ni za vyumba viwili, mita za mraba 80. Nusu ni za vyumba vitatu, mita 120. Tangu tuhamie kila nyumba hulipa sevisi chaji (ada ya huduma za pamoja) 200,000 kwa mwezi, sawa kwa wote. Kwenye karatasi hiyo ni milioni 4.8. Ila wanaolipa kweli ni 17, kwa hiyo inaingia milioni 3.4.

Sasa lifti imekufa. Wiki jana vijana walimpandisha mzee wa ghorofa ya tano juu ya kiti cha plastiki, wawili mbele wawili nyuma, akifika kila kona ya ngazi anawaambia "samahanini wanangu". Mimi nilikuwa nyuma nimebeba fimbo yake. Fundi ametupa makadirio ya milioni 9.6. Benki tuna 1,140,000.

Naomba kujua: (a) hesabu za kitu kama hiki zinapangwaje, (b) wasiolipa wanabanwaje kisheria, (c) naweza kujiuzulu bila kuonekana mwoga?

#2 Pasi Ndefu

Jibu la (c): hapana. Cheo cha mweka hazina wa fleti huwa anapewa aliyechelewa au aliyekwenda chooni. Pole mkuu.

#3 Shangazi wa Ghorofa ya Tatu

Mwanangu, tulia. Nimeshika hazina ya jengo letu Upanga miaka tisa, na mwaka wa kwanza nililia.

Hilo daftari liweke kabatini, usilitupe, lakini usijaribu kulifufua. Andika barua kwa wenzako: "Nimepokea akaunti ikiwa na kiasi hiki, tarehe hii", ambatisha taarifa ya benki, wasaini mwenyekiti na katibu. Hesabu zako zinaanzia hapo. Ukijaribu kueleza ya aliyetangulia, kesho "yule kijana" atakuwa wako.

Halafu fungua akaunti ya pili. Narudia, akaunti ya PILI. Moja ni ya matumizi: mlinzi, umeme wa ngazi, taka. Nyingine ni ya akiba: lifti, paa, pampu, rangi ya nje. Mkiziweka chungu kimoja, mlinzi atakula paa. Hataiba, maskini. Ni kwamba mshahara wake una tarehe na paa halina tarehe, basi kila mwisho wa mwezi paa linasubiri. Akaunti ya akiba iwe na saini tatu, na mmoja wa watia saini asiwe kwenye kamati.

Na hiyo 200,000 sawa kwa wote, nani aliipanga? Ilitokana na bajeti au aliyewauzia aliitaja tu siku ya kuwapa funguo?

Risiti za EFD zipige picha siku hiyo hiyo. Ile karatasi haipendi joto la Dar.

#4 Kaunta Buku

Shangazi, umenichoma panapouma. Aliitaja tu siku ya funguo.

Nimekaa na kikokotoo tangu magharibi. Gharama za kweli za mwezi, kwa bei za mikataba na ankara nilizozipata: walinzi 1,800,000, umeme wa maeneo ya pamoja 900,000, usafi na taka 700,000, msimamizi wa jengo 700,000, dizeli ya jenereta 500,000, mkataba wa kuhudumia lifti 400,000, bima ya jengo 300,000 ukiigawa kwa mwezi, benki na ukaguzi wa hesabu 100,000. Jumla 5,400,000.

Tunaingiza 3,400,000. Nikajiuliza, hii milioni mbili ya pengo tumekuwa tukiiziba na nini miaka yote? Nikaangalia tunalipia nini hasa. Walinzi, umeme, usafi. Basi! Jumla 3,400,000 kamili. Msimamizi hatuna, tulimwachisha. Dizeli tunachangishana kwenye grupu umeme ukikatika. Mkataba wa lifti uliisha mwaka juzi, hakuna aliyeuhuisha. Na bima... wakuu, jengo la nyumba 24 halina bima. Hata mimi nimejua leo.

Yaani hatukuwa na nakisi. Tulikuwa tunaitafuna lifti.

#5 Pasi Ndefu

Hapo kwenye bima nimeacha utani. Fundi wa gesi mmoja tu akikosea jikoni kwa mtu...

#6 Shangazi wa Ghorofa ya Tatu

Umeona sasa. Gawa kwa mita. Nyumba zako ni mita 2,400 kwa jumla. Milioni 5.4 gawa kwa 2,400 ni shilingi 2,250 kwa mita. Mwenye mita 80 atalipa 180,000, mwenye 120 atalipa 270,000. Wa vyumba viwili wanashuka, watakupigia kura. Wa vyumba vitatu watanuna, lakini waulize: siku mkiuza, mtagawana bei sawa na wa vyumba viwili?

Kisha akiba. Hii usiikisie. Chukua kila kitu kikubwa, uliza fundi kimebakiza miaka mingapi na kukibadilisha ni bei gani, gawanya.

#7 Kaunta Buku

Nimepiga simu kwa mafundi wawili leo. Lifti nzima kubadilishwa, tuseme milioni 120 kwa miaka 15: milioni 8 kwa mwaka. Paa na lami yake ya kuzuia maji, milioni 36 kwa miaka 10: milioni 3.6. Pampu na matangi milioni 12 kwa miaka mitano: milioni 2.4. Rangi ya nje milioni 24 kwa miaka sita: milioni 4. Jumla milioni 18 kwa mwaka, yaani 1,500,000 kwa mwezi, shilingi 625 kwa mita. Kwa hiyo 50,000 kwa wa mita 80 na 75,000 kwa wa mita 120.

Ukijumlisha na matumizi: 230,000 na 345,000. Nimezirusha kwenye grupu la jengo. Dakika tatu kimya, kisha mtu akatuma picha ya "Asubuhi njema yenye baraka". Saa mbili usiku.

#8 Chini kwa Chini

Naomba kuuliza kwa niaba ya watu wa ghorofa ya chini kote nchini. Mimi siyo wa jengo la mleta uzi ila nina kesi hiyo hiyo. Lifti sijawahi kuipanda. Mlango wangu unatazama geti. Kwa nini nichangie lifti ya mtu aliyenunua ghorofa ya sita ili aone bahari?

#9 Kaunta Buku

Mkuu, na wetu wa chini kasema hivyo hivyo, tena kwa sauti. Tena akaongeza kuwa yeye ndiye anayepata mafuriko ya chemba ikiziba, na wa juu hawajawahi kumchangia hata dumu la dawa. Kwa chemba nakubali ana hoja.

#10 Shangazi wa Ghorofa ya Tatu

Tangi lako la maji liko wapi, Chini kwa Chini?

#11 Chini kwa Chini

Juu ya paa.

#12 Shangazi wa Ghorofa ya Tatu

Fundi wako akienda kulisafisha anapandaje?

#13 Chini kwa Chini

Shangazi, nimeomba kuuliza tu.

#14 Muhuri na Sahihi

Nimeusoma uzi kwa utulivu. Mimi ni wakili, nachangia kama mwanajukwaa, siyo ushauri rasmi kwa jengo lolote.

Kaunta Buku, kabla ya kumbana mdaiwa yeyote jibu swali moja. Hicho chama chenu ni nani mbele ya sheria? Maana kuna vitu vitatu watu wanavichanganya.

Kwanza kuna jengo lililosajiliwa chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo, Namba 16 ya mwaka 2008, Sura ya 416. Hapo kuna ramani ya sehemu iliyosajiliwa, kila nyumba ina hati yake, na ngazi, lifti, paa, maegesho ni mali ya pamoja. Chama cha wenye sehemu kinakuwa na nafsi kisheria: kinashtaki, kinashtakiwa, kina kanuni, kina haki ya kudai michango. Uanachama huukatai wala huuombi. Ukinunua sehemu umeshaingia, ukiuza umeshatoka.

Pili kuna wenye nyumba walioamua wenyewe kujisajili, ama kama jumuiya kwa Msajili wa Jumuiya, ama kama kampuni isiyo na hisa kwa BRELA, wasajili wa kampuni. Hiki ni chama halali lakini nguvu yake kwa asiyejiunga inategemea alichosaini siku ananunua.

Tatu kuna grupu la WhatsApp lenye mwenyekiti.

Majengo mengi ninayoletewa yako kwenye la tatu, na wenyewe wanaamini wako kwenye la kwanza. Hati kubwa ya kiwanja bado ina jina la mwendelezaji (aliyejenga na kuuza), wanunuzi wana mikataba ya mauzo tu. Nendeni ofisi ya ardhi mkafanye upekuzi, msiulize kwa mdomo. Chukueni karatasi.

Kuhusu lifti na ghorofa ya chini: kanuni ya msingi ya umiliki wa namna hii ni kuchangia kwa ukubwa wa fungu lako katika mali ya pamoja, haijalishi umeitumia mara ngapi. Ukifungua mlango wa "natumia, situmii", wa juu watasema hawatumii bustani, wasio na gari watasema hawatumii lami, na mtaishia kugombania taa. Kama mnataka tofauti, mfano wa chini apunguziwe asilimia kadhaa kwenye lifti tu, ipitisheni mkutano mkuu na iandikwe kwenye kanuni. Isiwe huruma ya mwenyekiti.

#15 Kaunta Buku

Wakili, nimeogopa kwenda kuangalia, lakini nitaenda.

Wadaiwa wangu saba ni hivi. Watatu wako nje ya nchi, wamepangisha, wapangaji wanasema "sisi tunamlipa mwenye nyumba". Mmoja ni marehemu, watoto wanavutana mirathi. Mmoja anasema hatalipa mpaka aone hesabu (na kwa kweli nilipoliona lile daftari, sikuwa na la kumjibu). Na nyumba mbili hazijawahi kuuzwa, bado ni za mwendelezaji mwenyewe, yule aliyetutajia 200,000.

#16 Muhuri na Sahihi

Anza na huyo wa mwisho. Mwendelezaji aliyebaki na nyumba ambazo hazijauzwa ni mwenye nyumba kama ninyi kwa nyumba hizo. Lifti inashikilia thamani ya bidhaa yake. Mara nyingi ndiye mdaiwa mkubwa na ndiye asiyetumiwa notisi, kwa sababu watu wanamwona kama mzazi wa jengo.

Marehemu: deni haliendi kwa watoto, linakwenda kwa mirathi. Akiteuliwa msimamizi wa mirathi mpelekee madai kwa maandishi mapema, kabla hajagawa.

Walio nje: mpangaji hana mkataba na chama. Mdai mwenye nyumba kwa barua pepe na kwa anwani aliyoacha, tunza ushahidi wa kutuma. Na kumbuka saa inatembea. Madai ya mkataba yana ukomo wa miaka sita. Deni mlilolinyamazia tangu siku za funguo linaweza kuwa limeanza kuoza.

Anayetaka hesabu: mpe hesabu.

#17 Mzee wa Koki

Mnazunguka sana. Sisi tuna dawa moja, tunafunga koki. Hulipi, huna maji. Siku mbili mtu anakuja mwenyewe na hela mkononi.

#18 Muhuri na Sahihi

Na siku atakapokuja na wakili? Kama anailipa DAWASA, mamlaka ya maji, kwa mita yake mwenyewe mmefunga kitu kisicho chenu, na ndani kuna mtoto mchanga au mpangaji asiyedaiwa hata senti. Hata kama maji ni ya kisima cha jengo, onyesha kifungu cha kanuni kilichopitishwa kinachoruhusu, na notisi iliyotangulia. Nimeona chama kikishinda deni la mtu na kushindwa kesi ya koki, fidia ikala ushindi wote.

#19 Mzee wa Koki

Haya. Lakini inafanya kazi.

#20 Nyali Upepo Mwanana

Salamu kutoka Mombasa. Huku kwetu tulikuwa na balaa la aina nyingine. Miaka mingi fleti ziliuzwa kwa mkataba mrefu wa kukodi, na mahali pa chama palikuwa na kampuni ya usimamizi ambayo kila mwenye fleti alipaswa kuwa na hisa moja. Kampuni hiyo ndiyo inayobaki na haki ya mwisho juu ya kiwanja. Sasa fikiria wakurugenzi wake ni wale wale waliojenga, na hisa hawajawahi kuwapa wenye fleti. Sisi tulikaa miaka kumi na moja tukiwalipa watu tusioweza kuwapigia kura.

Ikaja Sheria ya Mali za Sehemu ya 2020, ilianza kazi tarehe 28 Desemba 2020 na kuifuta ile ya 1987. Ukisajili ramani ya sehemu, daftari la kiwanja mama linafungwa, kila fleti inafunguliwa lake, na shirika la wenye fleti linazaliwa hapo hapo kwa nguvu ya sheria. Huhitaji kumbembeleza mtu akupe hisa. Shirika ndilo lenye jukumu la kukatia jengo bima na kuweka mfuko wa gharama, na sheria imetaka kuwe na kamati ya ndani ya kusuluhisha migogoro kabla ya kukimbilia kortini. Wale wa mikataba ya zamani walipewa miaka miwili wabadilishe.

Kwa vitendo? Sisi tulikwama kwa sababu ya ramani. Mpimaji alikuja akakuta fleti mbili za juu zimejengewa baraza zilizofunikwa, hazimo kwenye mchoro ulioidhinishwa. Kila mtu anataka hati, hakuna anayetaka kubomoa baraza. Tulivutana miezi minane, ati baraza ni la nani.

#21 Mkwezi wa Fumba

Na sisi Zanzibar tuna yetu ya kondominiamu, Namba 10 ya mwaka 2010. Wanunuzi wengi wako Ulaya na Ghuba, mkutano mkuu unafanyika kwa kompyuta, akidi haitimii. Ushauri wangu, kanuni ziruhusu kura ya wakala tangu mwanzo na mtu mmoja asibebe kura za wakala zaidi ya idadi fulani. Kwetu jamaa mmoja alikuja na fomu nyingi mfukoni akajichagulia kamati peke yake.

#22 Mbeba Boksi Houston

Niko Texas huku mwaka wa kumi na nne. Mnaogopa kuwadai majirani? Huku chama kinaweza kukuuzia nyumba.

Sitanii. Ukinunua nyumba kwenye mtaa wenye chama, hati yako inakuja na masharti, na ada usiyolipa inakuwa dai lililokaa juu ya nyumba. Ukizembea inaenda mnadani, hata kama benki umeilipa yote. Mwaka 2010 kilivuma kisa kimoja hapa Texas, nyumba ya mwanajeshi aliyekuwa Iraq iliuzwa kwa deni la dola 800 hivi. Kelele zikawa nyingi na mwaka uliofuata bunge la jimbo likabadilisha sheria. Sasa hawawezi kukuuzia kwa ajili ya faini peke yake, lazima wakupe nafasi ya kulipa kidogo kidogo, na ukiuziwa una siku 180 za kuikomboa. California wao wameweka kiwango: deni la michango likiwa chini ya dola 1,800 na halijafikisha miezi 12, mnada hakuna.

Ila kisa ambacho nataka Kaunta Buku akisome kwenye mkutano ni cha Florida. Champlain Towers South, mji wa Surfside, ghorofa 12, nyumba 136, lilijengwa 1981. Mwaka 2018 mhandisi aliandika kwamba zege chini ya eneo la bwawa limeharibika kwa sababu maji hayana pa kutokea. Wenye nyumba wakaanza kuvutana. Wajumbe wa kamati wakajiuzulu. Gharama ikapanda mpaka dola milioni 15 na akiba ilikuwa haifiki hata milioni moja. Mwishoni wakakubaliana: wa chumba kimoja atoe dola 80,000 hivi, wa juu kabisa 336,000. Malipo yaanze tarehe 1 Julai 2021. Jengo likaanguka usiku wa kuamkia tarehe 24 Juni. Watu 98.

Mwaka 2022 Florida ikatunga sheria: majengo ya kondo ya ghorofa tatu na kuendelea yafanye tathmini ya akiba, na mkutano usiwe tena na ruhusa ya kupiga kura kuiruka akiba ya vile vitu vinavyobeba jengo. Ada zikapaa, wazee wakalia, 2025 wakalegeza kidogo.

Zamani ilikuwa kila mwaka watu wananyoosha mkono: "Akiba tuiache mwaka huu?" Ndiyooo.

#23 Pasi Ndefu

Tarehe 1 Julai na tarehe 24 Juni. Wiki moja.

#24 Shangazi wa Ghorofa ya Tatu

Na siyo mbali. Kariakoo, Novemba 2024, ghorofa lilipoanguka, wote tuliangalia. Kwangu nina mtu wa ghorofa ya kwanza anataka kuvunja ukuta apanue jiko. Anasema ni ukuta wake. Nimemwambia lete mhandisi aandike na aweke muhuri. Mpaka leo mhandisi "yuko safarini".

#25 Mpangaji Mtulivu

Sisi wapangaji tunasikilizwa lini? Mimi nalipa sevisi chaji ndani ya kodi, mwenye nyumba haipeleki, halafu natangazwa kwenye ubao wa lifti namba ya nyumba yangu kama mdaiwa sugu. Watoto wangu wanausoma ule ubao.

#26 Kaunta Buku

Nimekusoma. Ubao tunao na namba tatu za juu ni za wapangaji. Nauondoa kesho.

#27 Muhuri na Sahihi

Mpangaji, mwombe mwenye nyumba mwandike barua moja ya pamoja: sehemu ya sevisi chaji uilipe moja kwa moja kwenye akaunti ya chama na ikatwe kwenye kodi yako. Wenye nyumba walio nje wengi wanakubali, inawapunguzia usumbufu.

Na Kaunta Buku, usisahau TRA, watu wa kodi. Chama kiwe na TIN (namba ya mlipakodi) yake. Mkilipa kampuni ya ulinzi kuna kodi ya zuio ya huduma (mnaikata kwenye malipo), asilimia 5. Mkiajiri msafishaji moja kwa moja kuna NSSF, michango ya hifadhi ya jamii, asilimia 20 kwa jumla ya mwajiri na mwajiriwa. Na mkikodisha paa kwa mnara wa simu hiyo ni kodi ya pango, ni mapato. Kamati nyingi zinaona hela ya mnara kama zawadi.

#28 Kaunta Buku *(mrejesho, miezi mitatu baadaye)*

Wakuu, niliahidi mrejesho.

Upekuzi: hati kubwa bado ina jina la mwendelezaji. Tuko kwenye lile la tatu la wakili, grupu lenye mwenyekiti. Tumempa barua ya kuanza mchakato wa ramani ya sehemu, amesaini kupokea. Kwa sasa tumesajili jumuiya, na wenye nyumba 19 wamesaini hati ya kukubali kanuni na ada kwa mita. Hao 19 tunaweza kuwadai kwa karatasi yao wenyewe.

Mkutano ulichukua saa tano. Ada ya matumizi ilipita. Akiba ilipita nusu: 625 ikashushwa kuwa 400 kwa mita kwa mwaka wa kwanza. Nilisoma kile kisa cha Surfside, mama mmoja akasema "mwanangu usitutishe", lakini ndiye aliyenyoosha mkono wa kwanza. Bima imekatwa. Aliyekuwa anagoma mpaka aone hesabu nilimpa taarifa ya benki na makadirio yote, akaenda nazo nyumbani siku mbili, akarudi amezungushia kalamu nyekundu kosa langu la 40,000 kwenye umeme. Kalipa yote. Sasa ndiye saini ya tatu.

Mchango wa lifti tuliugawa kwa mita, 4,000 kwa mita: 320,000 na 480,000. Wa ghorofa ya chini tulimpunguzia robo, kwa kura, na pengo tuligawana tuliobaki. Badala yake na sisi tumeandika kwamba chemba ni gharama ya wote. Hapo alicheka kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu.

Mwendelezaji amelipa nyumba moja. Kuhusu ya pili anasema "mteja yuko njiani".

Lifti ilianza Alhamisi. Mzee wa ghorofa ya tano alikataa kupanda siku ya kwanza, akasema wacha wengine waijaribu. Ijumaa kashuka nayo kwenda msikitini.

Ule ufunguo nimeujua. Ni wa chumba cha mitambo ya lifti. Fundi alikuwa amevunja kitasa siku ya kwanza, 35,000, nimeiandika.

#29 Pasi Ndefu

"Yule kijana" je?

#30 Kaunta Buku

Bado tunamtafuta.